Nambari 4117

Dirisha la tatu, ghorofa ya pili.
Karani Kisaka alilamba kidole,
akafunua daftari, akanipata:
Muhonja, chumba kimoja, Ziwani au Maringo,
mtoto mmoja.

"Bado mmoja?"
Andika watatu, nikasema.
Akapiga mstari kwa rula, wino mwekundu.

Mwaka mwingine nikarudi na risiti
iliyofuliwa mfukoni mwa sweta,
tarehe imekwenda na sabuni.
Andika wawili.
Hakuuliza. Kalamu ilisita kidogo,
nami nikamshukuru kwa kule kusita.

Huko Mukuru mabati yanajua jina langu,
mvua ikinyesha huniita usiku
nisogeze sufuria.
Mwenye nyumba yeye hana foleni:
kodi tarehe tano,
kufuli tarehe sita.

Leo dirisha ni lile lile, karani mwingine.
Kisaka alistaafu; sijui analala wapi.
Kijana mbele yangu anajaza fomu mpya,
herufi zimelala kushoto kama zangu.
Penye anwani ya sasa ameandika: kwa mama.
Penye watoto: mmoja.

Wino ukamwishia kwenye sahihi.
Nikamwazima kalamu.