P Kubwa

Saa tatu kasorobo Bi Khainza kapiga simu kutoka Budadiri:
"Tovuti imefunguka, lakini wakulima hawapo."
Hawapo vipi? Jana usiku niliwaacha wote arobaini na mmoja,
kila mmoja na kikapu chake cha kahawa mbivu,
hapa, kwenye kompyuta hii yenye ufa kwenye bawaba.
Naifungua. Wapo. Wananitazama.
Nafungua kwa simu. Hawapo:
vijikaratasi vilivyochanika pembe, safu kwa safu,
na chini yake majina,
kama viti vya harusi vilivyobandikwa majina
na wageni hawajafika.

Nikafanya yote afanyayo mtu asiyejua.
Nikafuta kumbukumbu ya kivinjari.
Nikapandisha picha upya kwa bando la elfu tano,
zikitambaa kama lori la saruji likipanda Kapchorwa.
Nikaitukana seva. Nikamtukana aliyenikodisha nafasi ndani yake.
Nikakagua ruhusa za folda: ziko sawa.
Umeme ukakatika Namakwekwe nzima,
nikabaki na betri asilimia kumi na tisa
na mstari mmoja mwekundu:
mia nne na nne. Haipatikani.

Ndipo nikausoma polepole, kidole juu ya kioo,
kama mtoto wa darasa la kwanza.

Folda inaitwa Picha.
Mimi niliandika picha.

P kubwa imesimama juu ya mstari, kifua mbele.
p ndogo imetumbukiza mguu chini,
kama mtu apimaye kina cha Manafwa kabla ya kuvuka.
Kompyuta yangu haikuwahi kuona tofauti.
Hii ni ndugu: iite Picha, iite picha,
iite PICHA kwa hasira, itaitika.
Seva haina undugu na mtu.

Mama yangu nyumbani aliitika kila jina:
Nabifo, Mama Mafabi, we mama wa nyanya.
Nikiwa darasa la tano nilimsindikiza benki.
Kitambulisho kilisema Nabifo.
Kitabu cha akiba kilisema Nabifu.
Karani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miwani
na kalamu iliyofungwa uzi.
Akasema, "Huyu siye huyu."
Mama akasimama pale mzima, na mikono yake, na jasho lake,
hapatikani.

Nikaishusha P. Nikahifadhi, nikatuma. Wapi!
Git nayo imekulia humu humu nyumbani;
ikaniambia hakuna jipya, Picha ni picha.
Ikabidi folda niipe kwanza jina la uongo.
Nikaiita kuku. Nikatuma.
Kisha nikaiita picha, p ndogo, mguu majini, nikatuma tena.
Kwa nusu dakika wakulima wote wa ushirika
waliishi ndani ya kuku.

Wakarudi. Mzee Gimei na kofia yake ya sufi,
Nambuya akicheka na mtu aliye nje ya picha,
thelathini na tisa kwa jumla. Wawili wakagoma:
hao walipigwa na kamera ya Bi Khainza mwenyewe,
ambayo humalizia majina kwa JPG ya kupiga kelele,
nami nilikuwa nimewaita kwa jpg ya kunong'ona.
Asilimia sita. Nikawaita wanavyotaka kuitwa.

"Kumbe ilikuwa nini?"
"Herufi."
"Herufi gani?"
"P."
Akanyamaza. Nikasikia mashine ya kukoboa nyuma yake.
"P tu? Na hiyo nayo utatutoza?"

Nitatoza. Ankara nimeandika jioni, umeme uliporudi.
Lakini kabla ya kuituma nilitoa kitambulisho mfukoni,
nikakiweka kando ya jina langu pale juu,
nikalinganisha
herufi kwa herufi.