Dakika ya Nane

Udongo niliuchota mwenyewe, Kibosho,
chini ya mgomba ulioangushwa na upepo wa Aprili:
kijiko kimoja, na samadi ya mbuzi kidogo.
Sasa ni saa nane usiku, mji wa Moshi umelala,
friji ya maabara inakoroma,
nami nimeinamia darubini kama anayechungulia kisima.

Wapo. Vijiti. Vyembamba kuliko kunong'ona.
Havina jicho, havina mguu,
havina mbele iliyoandikwa mbele.
Kimoja kinarusha nyuzi, zinanasa, kinajivuta,
kama mtu avutaye ndoo, ila ndoo ni yeye.
Kinakwenda. Kinakwenda.
Dakika ya nane kinasita,
halafu mkia unakuwa kichwa.

Hakipindi kona, elewa.
Ni protini tu iliyohama ndani:
ilikaa ncha hii ikisema "huku",
na mwenzake ncha ile, kazi yake kuzima,
pasiwe na "huku" ya pili.
Ikaja ishara, wakabadilishana viti.

Hili nililijua kabla sijajua kusoma.
Baba alikuwa mfungaji wa mabehewa, stesheni ya hapa,
kofia imelowa grisi, taa ya kijani, taa nyekundu.
Treni haikugeuzwa. Injini ilifunguliwa,
ikapita reli ya kando peke yake, ikihema,
ikaja kufungwa nyuma. Basi.
Behewa la mwisho likawa la kwanza,
na abiria aliyesinzia akazinduka akidhani amepotea.
"Treni haina uso," Baba alisema, akifuta mikono kwa tambara.
"Uso ni pale injini ilipo."

Sahani ya pili. Ndeshukurwa ameiandika kwa wino mwekundu:
hawa tumewanyang'anya protini ya ishara.
Wanakwenda vizuri. Wanapendeza, hata,
moja kwa moja, bila kusita, mpaka ukingoni.
Lakini njaa ikiingia,
wale wa sahani ya kwanza hurudirudi, hugusana, hupandana,
na kesho kutwa wamejenga kichuguu cha njano
chenye mbegu ziwezazo kungoja miaka.
Hawa wa pili wametapakaa tu, kama nywele kwa kinyozi.
Hakuna anayekutana na mwenzake mara mbili.

Desemba magari yatapanda Kibosho usiku kucha,
taa nyuma ya taa, mbege itachachuka kwenye mapipa,
na yule mbuzi wa samadi, namhurumia,
hatauona mwaka mpya.
Mama atatandika kitanda cha Aminieli
kama alivyokitandika mwaka jana, na ule wa kabla yake.
Simu ya Aminieli huita vizuri tu.
Huita mpaka ikate.

Hayo siyaandiki daftarini.
Naandika: sahani ya pili, saa nane na dakika arobaini,
mwendo wa mbele,
hakuna badiliko.