Saa Tisa na Dakika Kumi

Moyo wa mwenzio, husemwa, ni msitu wa kiza.
Mimi hulipwa kukesha na misitu mia tatu na arobaini,
kila mmoja mstari wa kijani
unaopanda na kushuka kwenye skrini
katika chumba kisicho na dirisha, Tromso,
juu ya duka la viatu.

Wa Ingvald ulikuwa namba mia na tisa.
Kisiwa cha Senja, nyumba ya mwisho kabla lami haijakatika.
Chini ya mtulinga wake wameshonea kimashine
kidogo kama biskuti,
nacho hukinong'oneza kisanduku kando ya kitanda,
kisanduku huuambia mnara,
mnara huniambia mimi,
na mimi sina wa kumwambia ila kahawa.

Desemba nzima, saa tisa na dakika kumi usiku,
moyo wake uliruka.
Si sana. Kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa nje.
Kengele ikalia, nikapiga simu.
"Umelala?"
"Nani analala," alisema. "Greda linapita."

Miaka thelathini na mmoja aliendesha greda la theluji
kwenye barabara ile ile.
Siku hizi linajiendesha lenyewe, kiti kitupu, taa zinawaka,
naye huketi kitandani akilisikiliza
likikosea kona ya kanisani.
"Linachelewa kuinua jembe. Kila siku. Sekunde mbili.
Litakuja kung'oa ile nguzo, utaniambia."

Nikatafuta mahali pa kuyaandika hayo.
Fomu ilikuwa na maumivu, kizunguzungu, dawa,
na mwisho kabisa: mengineyo, herufi ishirini.
Nikaandika: anasikia greda.

Programu haijui greda. Inajua kujirudia.
Kufikia Februari ilikwisha kujifunza:
mia na tisa, saa tisa na dakika kumi, kawaida.
Kengele ikanyamaza.
Wakubwa wakatuletea keki yenye picha ya moyo,
wakasema mwakani mtu mmoja
atatosha kukesha na mioyo elfu mbili.
Nilikula vipande viwili.

Halafu Juni.
Huku, Juni, jua halitui; huzungukazunguka ukingoni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nilikuwa namenya chungwa
mstari wake uliporuka.
Saa tisa na dakika kumi.
Skrini ikaandika: kawaida.

Nikala pande moja.
La pili likabaki hewani, mkononi.
Juni.
Theluji gani?

Simu yake iliita hadi ikakatika.
Nikampigia Oddny, jirani, mwenye ufunguo,
naye alikimbia, aliniambia baadaye, na kiatu kimoja
kwenye jua la usiku.
Helikopta ilimkuta Ingvald sakafuni jikoni,
hai, na amekasirika.

Kwa nini saa ile ile? Daktari alisema nasibu.
Ingvald alisema moyo ukishazoeshwa saa ya kazi
huamka hata kazi ikiisha,
na hakuna mashine itakayomweleza yeye kustaafu.

Asubuhi fomu ilitaka sababu
ya mimi kuipinga skrini.
Mengineyo. Herufi ishirini.
Nikaandika: hakuna theluji Juni
na ikabaki nafasi moja.
Nikaweka nukta.