Daftari la Kuazima

Maktaba yetu ilikuwa stoo ya kamba.
Ukiinamia rafu ya chini bado utaukuta mkonge,
harufu kavu, kama mkeka ulioanikwa ukasahauliwa.
Vitabu mia mbili na kumi na saba.
Vinane havina jalada,
kimoja kililiwa na mchwa, kuanzia katikati kwenda nje,
nasi tumekiacha palepale
ili darasa la tatu waone mchwa wanavyosoma.

Ufunguo ninao mimi, Semboja, mwalimu wa hisabati,
kwa sababu siku ya kikao nilichelewa,
na kazi isiyo na posho humwangukia aliyechelewa.

Ijumaa, saa nane, rimu ya lori inagongwa,
wanaingia na vumbi jekundu la Muheza miguuni.
Nimejua hapa mambo ambayo chuo hakikunipa:
kwamba mtoto akishika kamusi mara ya kwanza
hutafuta tusi.
Akilikuta, huchekea chini ya meza.
Asipolikuta, huidharau kamusi.

Kwamba Mbaruku, aliyeshindwa na jedwali la saba,
anajua kuwa pomboo hulala nusu ubongo,
na tangu alijue hilo
kipindi changu hukisikiliza kwa jicho moja.

Kwamba atlasi hufunguka yenyewe ukurasa uleule,
maana vidole vimeitafuta Muheza
mpaka karatasi ikatoboka.
Pale tulipo sasa pana tundu.
Ukichungulia unaona bahari ya ukurasa wa pili.

Daftari lina safu nne:
tarehe, jina, kitabu, kimerudi.
Mwantumu Kaniki, darasa la tano,
wiki tano mfululizo:
Kamusi.
Kamusi.
Kamusi haitoki, nilimwambia, inasomewa humu.
Basi aliisoma kasimama, dirishani,
nami nikaandika hivyo hivyo,
daftari halina safu ya kilichosomwa kwa miguu.

Nilidhani tusi lake ni gumu kupatikana.
Nikapita nyuma yake kama mtu anayetafuta chaki.
Kidole kilikuwa kwenye J.
Jicho.
Kutupa jicho. Jicho la maji. Jicho la husuda.
Akashuka taratibu, mstari kwa mstari,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani,
akasimama.
Mtoto wa jicho: utando mweupe unaoziba mboni.

"Mwalimu, kumbe una jina."
"Nini hicho?"
"Ule ukungu wa bibi."

Nyumbani walisema ni moshi wa kuni.
Shangazi akasema ni mkono wa mtu.
Bibi mwenyewe alisema ni miaka, tena miaka haina dawa,
akaendelea kuchambua mchele kwa vidole,
na mawe wakawa wanayaona kwa meno.

"Sasa kama ni mtoto, mwalimu,
si atakuwa na mkunga wake?"

Nimefundisha sehemu na desimali miaka kumi na minne.
Sikuwa na jibu.
Nikamwambia, ngoja,
nikafunga mlango mapema, nikaenda zahanati kuuliza.

Ijumaa mbili jina lake halikuwepo.
Ijumaa ya tatu aliingia na bibi,
bandeji upande mmoja, kanga imefungwa vizuri
kama mtu anayekwenda kwenye barua ya posa.
"Kiko wapi kitabu chenye jicho langu?"
Nikampa. Akakisogeza. Akakirudisha nyuma.
Akakaa nacho muda mrefu, naye hajui hata alifu.
"Haya yote," akasema, "ni sisimizi tu?
Na hawa watoto mmewafungia humu
kuhesabu sisimizi?"
Darasa zima likacheka, naye akacheka,
kisha akaupitishia ukurasa kiganja, mara mbili,
kama anafuta unga.

Jicho la pili limepangiwa Novemba, kulekule Bombo.
Mbaruku bado analala nusu.
Mwantumu amehamia kwenye M.
Sikupita nyuma yake, sikuuliza anatafuta nini.
Nimejaza tarehe, jina, kitabu,
safu ya nne nimeiacha wazi.
M ni ndefu.
Itatufikisha mvua.