Kibanzi cha Nyonga

Kilifika maabara ndani ya chupa ya maji ya chumvi,
kidogo kama punje ya mahindi, na karatasi:
D. Aboge, mwanamke, miaka 61, nyonga ya kushoto.
Nikakikata, nikavilaza vipande kwenye sahani
kama mtu anayepanda bila mvua.

Siku sita, kimya.
Ya saba, hadubini ikanionyesha seli moja
imetoka ukingoni, imejinyoosha,
kisha nyingine, kisha kundi,
vibarua wa mjengo wanaoamka kabla ya msimamizi.

Chuoni walinifundisha kwamba mfupa ni nguzo.
Mfupa ni barabara ya Kondele:
hakuna siku haichimbwi.
Wachimbaji hutangulia, tindikali mdomoni,
hula shimo, huondoka bila kuaga.
Wajenzi hufuata, wadogo, wengi, hawana haraka.
Wiki tatu kuchimba, miezi mitatu kujaza.
Wahenga walihimiza tuzibe ufa.
Mfupa hauzibi. Huupanua kwanza
hadi uguse palipo imara,
ndipo ujenge.

Lakini hedhi ikikoma
mchimbaji huwahi kazini, mjenzi huchelewa.
Dorsila Aboge, miaka thelathini akigonga kokoto kule Riat,
debe baada ya debe,
hakuvunjwa na jiwe.
Alijikwaa kizingiti cha mlango wake.

Jumanne umeme ulikatika.
Jenereta ikakohoa mara mbili, ikakataa.
Nikaketi mbele ya kiatamizi, saa nne,
nisiufungue mlango joto likatoroka,
nikiwazuia hata wenzangu wasiufungue.

Wiki ya tatu nikamwaga rangi.
Sahani ikaiva nyekundu: chokaa,
chokaa mpya, ya mkono wao.

Akaja kliniki kwa magongo. Nikamwita aione.
"Hii nyekundu ni mimi?"
"Ni wewe."
"Inafanya kazi?"
"Usiku na mchana."
"Nani anailipa?"
Tukacheka, hata muuguzi.

Nikajisahau, nikaongeza somo:
kila miaka kumi hivi, mama,
mifupa karibu yote huwa imebadilishwa.
Nilidhani ni habari njema.
Gongo likakwaruza sakafu.
"Kumbe ile iliyombeba Odoyo haipo."

Sikumjua Odoyo. Muuguzi aliinamia faili.
Nikatafuta la kusema ambalo pia ni kweli.

Nikamwambia: wajenzi wengine hawarudi nyumbani.
Hujijengea ukuta hadi ukawafunika,
hubaki mle ndani, mikono myembamba,
wakishikana gizani,
wakipima uzito wa kila hatua unayopiga.
Wao ndio huwaita wachimbaji, wao huwaita wajenzi.
Na wamo wanaoishi miaka ishirini, hata zaidi.

Alihesabu kwa vidole, polepole, akarudia.
"Alikuwa mzito," akasema.
"Hakupenda kutembea. Alinipiga hapa kwa visigino,
hapa, njia nzima, kutoka kisimani."

Sikuandika hilo popote.
Fomu haina mstari wake.

Akainuka. Gongo la kulia, la kushoto,
kisha akaukanyagia ule mguu mbovu, kidogo tu,
akaunyanyua, akaukanyagia tena,
kichwa kimeinama, akisikiliza,
kama mtu anayebisha hodi.