Ngazi Kumi na Tatu

Fomu yao ilikuwa ndefu kuliko ile ya viza.
Una ua? Fensi futi ngapi?
Zamu zako za usiku ni ngapi kwa juma?
Umewahi kufuga mbwa?

Hapo kalamu ilisita.
Kwetu, Soni, mbwa alikuwepo, ila kufuga ni neno kubwa.
Baba alimwita Mtasema-Mchoke,
jina lililokuwa barua kwa jirani wa bondeni,
na barua ile ilisomwa kwa sauti kila jioni,
jirani akiwa anakula.
Mbwa mwenyewe alikula ukoko. Alilala nje,
mvua za vuli zikimpiga.
Alikufa lini, sikumbuki.
Naona haya kwamba sikumbuki.

Nikaandika: Hapana.

Denise wa kituo alinipitisha katikati ya vizimba,
kelele kama mabati yanayopigwa mawe,
hadi cha mwisho, kilichokuwa kimya.
Jike, rangi ya kijivu, mbavu zinahesabika
(si njaa, alisema Denise, ndivyo ukoo wao ulivyo)
na ndani ya sikio, kwa wino wa kijani,
herufi zimepigwa chapa kama gunia la kahawa.
Alikimbia mashindano miaka mitatu.
Akaumia kifundo. Basi.

Hiyo "basi" naijua.
Mgongo wangu umeinua wazee wa Hartlepool
miaka kumi na mmoja.

Jina lake Pauline.
Kaka yangu Mahimbo alicheka simuni mpaka akakohoa:
Umevuka bahari zote hizo
ukamlee mbwa mwenye jina la mwalimu wa hisabati?

Hakujua kioo; aliugonga mlango kwa pua,
akarudi nyuma, akauomba radhi.
Hakujua mashine ya kufulia.
Ngazi ndiyo kabisa.
Aliweka mguu mmoja juu ya ile ya kwanza
akauondoa kama aliyegusa jiko.
Nikapanga vipande vya soseji, kimoja kila ngazi,
kumi na vitatu.
Alivitazama vikipanda bila yeye.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Siku ya tatu nikalitafuta jembe lake.
Hakumbwekea tarishi. Hakulinda kitu.
Alisimama tu kwenye zulia
kama aliyeambiwa asubiri,
na aliyemwambia akasahau.

Mimi pia, majira yangu ya baridi ya kwanza,
niliketi kitandani na koti, na viatu,
siku nne,
kwa kuwa sikujua hita inawashwa wapi
na niliogopa kumuuliza mwenye nyumba.

Usiku wa tisa nikasikia sauti.
Si kubweka. Nyembamba, kama bawaba.
Nikashuka. Ikakoma.
Nikapanda. Ikaanza.
Nikashuka, nikapanda, nikashuka,
na kesho yake nina zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mwisho nikaliburuta godoro.
Likakwama konani. Nikalisukuma
kwa mgongo ule ule
mpaka likaanguka sebuleni kama ng'ombe aliyechoka.

Akazunguka mara tatu, akalala.
Si karibu. Hatua mbili, amenipa kisogo.

Alfajiri miguu yake ikaanza kukimbia, macho yamefumba.
Anafukuza au anafukuzwa, sijui.
Nikamwambia kwa Kisambaa,
lugha ambayo kuta hizi hazijawahi kuisikia,
Polepole. Ulishafika.
Miguu ikatulia.
Au ilikuwa itatulia tu.

Denise alipiga simu Jumatatu.
Vipi, ameshajifunza ngazi?

Nikamwambia, tumehamia chini.
Huko juu kuna baridi hata hivyo.