Ng'onda Anachagua Ala

"Samaki mkunje angali mbichi," aliniambia jirani yangu Halszka
pale ngazini, ameshika mfuko wa viazi.
Nami nina miaka sitini na mitatu,
ng'onda kamili, nimekaushwa pande zote mbili.

Mwanangu alipiga simu kutoka Dublin:
"Nunua kinanda cha umeme, Mama, uvae spika za masikioni,
usimsumbue mtu."
Miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nyuzi hapa Łódź
sikumsumbua mtu.

Basi Jumanne, theluji imekwisha kuwa tope,
nikapanda tramu hadi kwa Cezary Wilczek, mtaa wa nyuma,
duka linalonuka nta, dawa ya kung'arishia shaba,
na supu yake ya mchana.

Hakuniuliza ninataka nini.
Alisema, "Nionyeshe mikono."

Kidole changu cha pete, cha kushoto,
kinaishia kwenye fundo la kati tangu mwaka themanini na nne.
Mashine ilikitaka, mimi nilikuwa nawaza mkate.
Akakitazama kama fundi viatu anavyotazama soli.
"Fidla, hapana. Gita, labda, kwa subira ya mtakatifu."
Akaniwekea fidla begani hata hivyo, kwa kuwa niliiomba,
kwa kuwa tangu utotoni nilijiona nayo,
kidevu juu, gauni la buluu.
Nilipopitisha upinde, Cezary akakunja uso.
Mimi nilisikia mkwaruzo tu, kama panya ndani ya ukuta.
Nikairudisha taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenziwe.

Kisha filimbi. Aliipiga yeye.
Niliona vidole vikirukaruka, niliona mdomo ukitabasamu pembeni,
niliona kanari wake tunduni akiinamisha kichwa.
Nikasubiri aanze.
Kumbe amemaliza.

Ikanibidi nimweleze:
kule kiwandani tulizungumza kwa midomo mitupu,
mashine mia mbili zikinguruma, zikila kila sauti nyembamba,
kwanza panzi, kisha ndege, kisha birika jikoni,
mwishowe mjukuu wangu, ambaye huninong'oneza siri
nami nacheka pale anapocheka.

Cezary akavua miwani.
Akaenda nyuma ya pazia, akakaa huko hata supu ikapoa,
akarudi na sanduku refu lililochubuka pembe.
Tromboni. Ina kovu karibu na kinywa,
sikuuliza la nini, naye hakuuliza zaidi juu ya kidole.
"Hii haihesabu vidole," akasema.
"Inataka mkono unaojua kwenda na kurudi."

Mkono wangu! Umekwenda na kurudi maisha yote.

Akapuliza sauti moja, ya chini kabisa.
Haikuanzia masikioni. Ilipanda kwenye viatu,
ikapita magotini, ikafika mbavuni
kama mtu aliyepotea njia akaona taa.
Nikashika kaunta.
"Tena," nikasema.

Jaribio langu mimi? Ng'ombe aliyekanyagwa mkia.
La pili, ng'ombe yuleyule, amesamehe kidogo.

Nimeikodi miezi mitatu. Kununua, tutaona.
Kwenye tramu kijana alinipisha kiti,
nikalikalisha sanduku, mimi nikasimama,
na kila kona tuliyokata nililishika bega.

Usiku huu Halszka, anayekaa chini yangu,
anagonga dari yake kwa mpini wa fagio:
du, du, du.
Namsikia! Kila pigo, zito, zima, halina pengo.
Hodi kama hiyo sijabishiwa miaka mingi.
Nalowesha midomo, nanyoosha mkono hadi mwisho wa shaba,
nambia karibu.